Mtungi wa Usa River na simba wa Kreta

Ndani ya wiki mbili nimetumiwa mara tatu picha ileile: watoto wawili wa simba wamelaliana, na chini yake maneno kwamba wanasayansi wamepata dawa ya kutoweka kwa simba. Habari yenyewe si mpya. Watoto hao, Victor na Isabel, walizaliwa Agosti 2018 huko Afrika Kusini katika mradi wa Chuo Kikuu cha Pretoria, na ndio simba wa kwanza duniani kupatikana kwa uhimilishaji, yaani jike kutiwa mbegu na mtaalamu bila kupandwa na dume. Kilichonifanya nishike kalamu ni maoni ya wenzangu wa Arusha chini ya picha hiyo. Wapo walioshangilia kwamba sasa hata simba wa Tarangire wakiisha, tutawatoa kwenye friji. Wapo waliolaani kwamba huko ni kumchezea Mungu, tena kwa hela za Wazungu wasio na kazi. Naona pande zote mbili zimekikosea chombo hiki. Kugandisha mbegu za mnyama ni namna ya kusafirisha vinasaba, kutoka bonde moja hadi jingine, au kutoka mwaka huu hadi miaka 40 ijayo. Hakuna zaidi ya hapo, na simba hawaongezeki kwa hilo. Lakini kwa kuwa kazi yake ni ndogo na inajulikana, tunaweza kuianza sasa, hapahapa Arusha, kwa gharama ya kawaida, mradi isiguse hata shilingi moja ya fedha za kulinda shoroba, yaani njia za wanyama kati ya hifadhi na hifadhi.

Wengi wetu tunapita mbele ya teknolojia hii kila tukienda Moshi bila kuitambua. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River. Kwa miaka mingi madume bora ya ng'ombe yamekuwa yakikamuliwa mbegu pale, mbegu zinachanganywa na kiowevu cha kuzihifadhi, zinajazwa kwenye mirija myembamba na kuzamishwa katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Siri ya kuzifanya mbegu zisife kwa baridi ilipatikana Uingereza mwaka 1949, pale Chris Polge na wenzake walipogundua kwamba gliserini inazikinga zisipasuliwe na barafu. Viowevu vingi mpaka leo vina gliserini hiyo pamoja na kiini cha yai la kuku. Ukiwa na ng'ombe wa maziwa Meru au Machame, unajua yanayofuata: ng'ombe ameonyesha dalili za joto, unapiga simu, mhimilishaji anakuja na pikipiki na mtungi wake, anayeyusha mrija mmoja kwenye maji ya vuguvugu, anavaa glovu ndefu, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Mzee mmoja wa Kimeru niliyekuwa namsimulia habari za akina Victor alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, simba naye anaingia joto kama ng'ombe?" Nikamwambia anaingia, mzee. "Sasa mkia anashika nani?"

Swali la mzee ni la kitaalamu kuliko alivyodhani. Ng'ombe ni mkubwa, mtulivu, na mzunguko wake wa siku 21 unahesabika kwenye kalenda ya ukutani. Mhimilishaji anaishika shingo ya mfuko wa uzazi kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa na kuuelekeza mrija anapotaka. Kwa jamii ya paka karibu kila kitu kimegeuka. Paka wengi hawapevushi yai mpaka wapandwe. Kupandwa kwenyewe ndiko kunakouamsha mwili uliachie yai, na ndiyo maana simba dume na jike wakiwa fungate hurudia tendo hilo makumi ya mara kwa siku. Mtaalamu asiye na dume inabidi audanganye mwili kwa homoni, na homoni hizo haziitikiwi sawa na kila jike. Njia ya kuingiza mbegu ni nyembamba na ina kona, kwa hiyo mara nyingi jike hulazwa kwa nusukaputi na mbegu kupelekwa karibu na mirija ya uzazi kwa kutumia kamera ndogo ya upasuaji. Duma ameongezewa tatizo lake mwenyewe. Mababu zake walipungua vibaya miaka ipatayo 10,000 iliyopita, waliobaki wakazaliana ndugu kwa ndugu, na leo zaidi ya theluthi mbili ya mbegu za duma dume wa kawaida zina kasoro ya kichwa au mkia. Ukizigandisha mbegu kama hizo, unapoteza tena sehemu kubwa ya zile chache zilizokuwa nzima.

Ndiyo maana orodha ya mafanikio ni fupi, na kila moja lilipata vichwa vya habari. Watoto wa chui-milia waliorutubishwa nje ya mwili walizaliwa Omaha, Marekani, mwaka 1990. Mwaka 1999 huko New Orleans paka wa kawaida wa nyumbani alimzaa paka-pori wa Afrika, ndugu wa hawa wanaovizia kuku wetu, kutoka kwenye kiinitete kilichokuwa kimegandishwa. Machi 2017 bustani ya wanyama ya Nashville ilipata mtoto wa chui wa mawingu kwa mbegu zilizogandishwa, na huyo namtaja kwa sababu pale teknolojia ilikuwa na kazi ya kweli: madume wa chui hao wa Asia, wakiunganishwa na jike ukubwani, huweza kumuua. Februari 2020 bustani ya Columbus ikapata duma wawili waliorutubishwa maabara. Mayai yalitoka kwa jike mwenye jina la kwetu kabisa, Kibibi, lakini aliyebeba mimba ni jike mwingine, kijana zaidi. Lilikuwa jaribio la tatu. Watoto wawili kwa majaribio matatu, katika nchi yenye fedha na wataalamu wa kumwaga, tena kwa wanyama wanaolishwa kwa mkono. Sijasikia duma wa porini aliyepata mimba kwa njia hiyo, na sitegemei kumsikia karibuni.

Hapo ndipo hoja ya washangiliaji, kwamba maabara itatuongezea wanyama, inapoanguka, na kwangu ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu. Inadhani duma wanapungua kwa sababu hawazai. Wanazaa vizuri tu. Utafiti uliofanyika Serengeti, ukachapishwa mwaka 1994, ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa duma waliozaliwa kwenye nyika ile, wapatao watano tu ndio walifika umri wa kujitegemea. Wengi wa waliokufa waliuawa na simba na fisi. Kwingineko hali imeonekana kuwa nafuu, lakini picha haibadiliki sana. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na duma wa Ndutu, kusini mwa Serengeti, angewaunga mkono. Mama aliyepoteza watoto hukaa muda mfupi akabeba mimba nyingine bila daktari. Anachokosa ni uwanda mpana wa kumkwepa simba, swala wa kutosha, na mipaka ya hifadhi isiyomtumbukiza kwenye mitego ya waya. Mtungi wa naitrojeni hauna jibu la lolote kati ya hayo.

Tazama tena simba wa Gir, India. Mwaka 1987 David Wildt na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha mbegu za simba wa makundi matatu: Serengeti, Kreta ya Ngorongoro, na simba wa asili ya Gir. Serengeti karibu robo ya mbegu zilikuwa na kasoro. Kreta ilikuwa nusu. Gir ilikuwa karibu theluthi mbili. Kwa hesabu ya maabara, simba wa Gir walipaswa kuwa wamekwisha leo. Lakini hesabu ya mwaka 1968 iliwakuta 177, ya 2020 ikawakuta 674, na ya 2025 ikafika 891. Walilindwa, wakaachiwa mawindo, na wanavijiji wa eneo lile wakawavumilia kwa namna ambayo sijui kama sisi tungeweza. Hispania na Ureno nao wana paka wao, linksi wa Iberia, ambaye mwaka 2001 alikuwa amebakiwa na wakubwa 62 tu walio katika umri wa kuzaa. Kufikia 2022 wakubwa walikuwa 648, na mwaka 2023, ukijumlisha na wadogo, walipita 2,000. Mbegu zao ziligandishwa, ndiyo, na benki ipo; lakini kilichojaza mapori ni sungura waliorudishwa, barabara zilizowekewa vivuko, na watoto waliozaliwa na wazazi waliopandana wenyewe katika vituo vya kuzalisha na kisha wakaachiwa.

Ningeweza kuishia hapo na kuwa upande wa waliolaani. Kinachonizuia ni Kreta. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wang'atao walizaliana bila kipimo ndani ya bonde lile, wakawafyonza simba damu mpaka wakawa mafupa yenye vidonda, wanapanda mitini na kujificha kwenye mashimo ya fisi. Kutoka simba wapatao 75 walibaki kama kumi, na kati yao dume mmoja. Miaka michache baadaye madume saba waliingia kutoka nje. Kisha mlango ukafungwa: kwa robo karne iliyofuata watafiti, akiwemo Craig Packer, hawakuona dume mgeni hata mmoja akiingia na kuzaa. Simba wote wa Kreta wa kipindi hicho walikuwa uzao wa wazazi 15. Watalii walikuwa wanapiga picha simba wanono wenye manyoya meusi shingoni, na kumbe nusu ya mbegu za madume wale zilikuwa na kasoro. Magonjwa nayo yakaendelea kuwarudisha nyuma kila idadi ilipopanda. Hatuwezi kusema kila kifo kimetokana na undugu wa damu. Lakini kundi dogo lililofungiwa, linalozaliana lenyewe kwa lenyewe karibu na makazi ya watu na mbwa wao, ndilo hasa ambalo mrija mmoja wa mbegu kutoka Serengeti ungekuwa na maana kwake.

Mtu wa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, au wa Mweka, chuo cha wanyamapori, ataniuliza kwa haki: kwa nini mbegu, wakati simba mwenyewe ana miguu minne? Ni hoja nzito, na kwa kiasi kikubwa naikubali. Florida walikuwa na puma waliobaki kati ya 20 na 30, mikia imepinda, madume wengine korodani hazijashuka. Mwaka 1995 walileta majike wanane kutoka Texas, hai, na kundi likaongezeka mara kadhaa bila maabara yoyote. Dume wa simba anayetembea mwenyewe kutoka Ndutu hadi ukingo wa Kreta anakuja na mbegu zake, tena mbichi, hatozi chochote, wala hahitaji kibali cha mkemia. Anachohitaji ni kuvuka nyanda za wafugaji bila kuchomwa mkuki. Vijana wa Kimaasai wa mradi wa KopeLion, wale Ilchokuti, wanafanya kazi hiyo kila siku: kutafuta ng'ombe waliopotea kabla simba hajawapata, kuziba maboma, kuwatuliza morani. Simanjiro, kule Loibor Siret na vijiji vya jirani, kuna maboma hai mengi, miti inayochipua ikiwa imeshonwa na wavu wa waya, na simba akizunguka usiku anaondoka na njaa yake. Ukinilazimisha kuchagua kati ya mtungi na boma hai, nitachagua boma bila kupepesa.

Ila simba aliye hai ana kasoro zake kama chombo cha kubeba vinasaba. Dume mgeni akiliteka kundi huua watoto wa dume aliyemtoa. Ukimhamisha kwa gari anaweza kubeba ugonjwa. Tulijifunza mwaka 1994, pale distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ilipoua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, kama 1,000 hivi, ndani ya miezi michache. Na mahali ambapo ushoroba umekatika kabisa, hakuna wa kutembea. Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, mashamba, nyumba na lami ya kwenda Babati vimeibana njia ya wanyama hadi unaweza kuihesabu miti iliyobaki ukiwa ndani ya basi. Nani atakuhakikishia kwamba mwaka 2060 itakuwa bado wazi? Kwa yule anayesema tunao simba wengi kuliko nchi yoyote, kwa hiyo tusubiri, jibu liko Ol Pejeta nchini Kenya. Sudan, faru mweupe dume wa mwisho wa kaskazini, alikufa Machi 2018 akawaacha Najin na Fatu, mtu na bintiye, wote hawawezi kubeba mimba. Sasa dunia nzima inahangaika kutengeneza viinitete kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume wachache waliowahi kukamuliwa. Faru hao walikuwa maelfu miaka ya 1960. Mbegu za thamani hukusanywa wakati wanyama ni wengi na tofauti. Ukisubiri wawe wachache, unagandisha huohuo undugu wa damu uliotaka kuukimbia.

Hoja ya kumchezea Mungu sitaitendea dharau, kwa sababu wanaoisema ni watu ninaosali nao. Nauliza tu, kwa nini haikutamkwa tulipokunywa chai ya maziwa ya ng'ombe wa mrija asubuhi hii.

Hofu inayonikosesha raha ni nyingine, nayo ni ya kisiasa. Aprili 2025 kampuni ya Colossal ya Marekani ilitangaza kwamba imemrudisha mbwa-mwitu aliyetoweka zamani za kale; wanasayansi wengi wakasema ni mbwa-mwitu wa kijivu aliyebadilishwa vinasaba vichache. Siku hiyohiyo Doug Burgum, waziri wa wizara inayosimamia ardhi ya umma na wanyamapori kule, alilishangilia tangazo hilo kama ushahidi kwamba ubunifu unafaa kuliko kanuni, na kwamba orodha ya viumbe walio hatarini ingeweza kukosa kazi. Hapo ndipo friji inapogeuka kuwa kisingizio. Sihitaji kwenda Marekani kulisikia neno la namna hiyo. Siku benki ya mbegu itakapofunguliwa kwa utepe mwekundu, atatokea mtu kwenye kikao cha halmashauri na kusema simba wako salama, wapimieni wananchi viwanja hapo Kwakuchinja. Afrika Kusini wameshaonja aina ya utata huo: Victor na Isabel walipotangazwa, wahifadhi kadhaa waliuliza mara moja kwa nini nchi yenye maelfu ya simba wa kufugwa kwa biashara inahitaji njia mpya ya kuwazalisha. Swali hilo halijafutwa na uzuri wa picha.

Kwa hiyo masharti ni muhimu kuliko mashine. Kwanza, umiliki. Kwa ninavyoisoma Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, sehemu yoyote ya mnyamapori ni nyara ya serikali, na sioni kwa nini mbegu isiwemo. Mhimilishaji akikutwa na mrija wa simba katikati ya mirija ya ng'ombe wa Friesian atakuwa na maelezo marefu ya kutoa polisi. Hilo ni zuri kwa kuzuia wizi, lakini linahitaji kanuni yake, inayosema nani anaruhusiwa kukusanya, nani anaweka kumbukumbu, na mgeni akichukua nusu kwenda nje anatusainia nini. Bustani ya wanyama ya San Diego ilianza kugandisha seli na mbegu miaka ya 1970 na leo ina sampuli za wanyama zaidi ya 10,000. Nchi itakayoingia kwenye mazungumzo na taasisi ya aina hiyo ikiwa haina hata mtungi mmoja wa kwake itaishia kuomba ruhusa ya kuazima simba wake.

Pili, mbegu zitoke kwa waliokufa. Siungi mkono kumlaza dume wa Serengeti kwa nusukaputi kila mwezi ili kumkamua. Hakuna haja. Mnyama akifa, mbegu zilizokomaa zinabaki kwenye mrija wa nyuma ya korodani, na korodani zikitunzwa kwenye ubaridi wa friji ya kawaida, bila kuganda, sehemu ya mbegu hizo hukaa hai kwa siku moja na pengine zaidi. Kila mwaka simba na chui wanagongwa na magari, wanauawa baada ya kuingia zizini, na baadhi wanapigwa risasi na wawindaji wa kitalii wenye vibali. Mwindaji anaondoka na ngozi na fuvu. Korodani hutupwa na kuliwa na fisi. Sharti moja kwenye kibali cha uwindaji, kwamba mzoga wa paka yeyote uhasiwe na korodani zikabidhiwe ndani ya saa kadhaa, lisingemgharimu mwindaji chochote anachokithamini. Daktari wa wanyamapori wa zamu, sanduku la barafu, na mtaalamu mmoja wa maabara aliyefundishwa tofauti kati ya mbegu ya fahali na ya chui: hiyo ndiyo bajeti karibu yote, kwa kuwa naitrojeni na mitungi Usa River wanavyo tayari na chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, kina vijana wanaotafuta mada za shahada.

Kutoka Kwakuchinja hadi Usa River ni kilomita mia na kitu, lami tupu isipokuwa foleni ya Kisongo na mjini. Dume akigongwa na lori saa nne usiku, askari wa doria anaweza kuwa ameufikisha mzigo kabla jua halijachomoza. Nimewauliza watu watatu wanaofanya kazi za wanyamapori hapa Arusha kwamba usiku huo askari ampigie nani. Wawili walicheka. Wa tatu alifikiri kidogo, akasema angempigia mhimilishaji wa ng'ombe zake.